Semina ya Maombi na Utawala wa Mungu, Mbeya Mjini: Jioni ya Pili Inalipa Kiingilio Chote

Semina za maombi hapa Mbeya hazijawahi kuwa haba, lakini nyingi hufundisha namna ya kuomba, saa nzuri za kuomba na, mahali pengine, kiasi cha sadaka kinachopaswa kuambatana na ombi. Ni nadra kukuta semina inayouliza swali linalotangulia hayo yote, yaani kama Mungu anajua kila kitu na ameshapanga mambo yake, mtu anaomba ili iweje, na hiari yake ina nafasi gani. Ushirika mmoja wa hapa mjini umeandaa semina ya jioni tatu juu ya swali hilo, kwa kiingilio cha shilingi 5,000 pamoja na kijitabu kilichodurufiwa na chai ya tangawizi, ambayo kwa baridi ya mwezi wa saba si jambo dogo. Nilihudhuria zote tatu, na kwa maoni yangu fedha hiyo inalipwa na jioni ya pili peke yake.

Ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Mwalimu, mchungaji wa makamo mwenye sauti ya upole, alisoma aya nyingi na kufafanua chache. Alitukumbusha kwamba katika Mathayo 6:8 Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba, ilhali Yakobo 4:2 inasema hatuna kitu kwa sababu hatuombi. Alitaja pia kwamba 1 Samweli 15 inasema katika aya ya 11 kuwa Mungu amejuta, na katika aya ya 29 kuwa yeye si mwanadamu hata ajute. Hapo ndipo msikilizaji alipotarajia maelezo, lakini tukahamia kwa mfalme Hezekia, aliyeambiwa na Isaya kwamba atakufa, akageukia ukutani akalia na kuomba, akaongezewa miaka 15. Kisa hicho kilisimuliwa vizuri, ila aya mbili za Samweli ziliachwa zikitazamana hadi tukaenda nyumbani.

Jioni ya pili mwalimu aliingia katika historia, na ukumbi ukatulia. Alianza na ombi moja la Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, linalopatikana katika Maungamo yake, ambamo anamwambia Mungu ampe kile anachoamuru, kisha aamuru apendacho. Sentensi hiyo iliposomwa mbele ya Pelagius, mwalimu wa Kikristo aliyekuwa Roma, yeye hakuvumilia, kwa kuwa aliona inamvua mwanadamu wajibu wake: ikiwa hata utii ni zawadi, mtu atalaumiwaje asipotii? Mabishano yaliyofuata yaliishia kwa mafundisho ya Pelagius kukataliwa na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Karthago mwaka 418. Nilikuwa nimesoma habari za ugomvi huo, lakini sikuwahi kutafakari kwamba cheche yake moja ilikuwa sala, na mwalimu anastahili pongezi kwa kuanzia hapo badala ya kuanza na istilahi.

Kutoka hapo alipita kwa Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliyefundisha kwamba hatuombi ili kubadili mpango wa Mungu, bali ili kupata yale ambayo Mungu amepanga yapatikane kwa njia ya maombi. Mkulima mmoja wa viazi kutoka upande wa Umalila alinyoosha mkono akauliza, "Mchungaji, kama mvua imeshapangwa, mimi nikiomba naongeza nini?" Mwalimu alimjibu kwa swali: anayepanga mavuno ya viazi, je, hapangi pia jembe litakalotifua matuta? Mkulima alicheka, akasema jembe hilo analijua. Alipofika kwa Calvin, mwanamatengenezo wa karne ya 16 anayesifika au kulaumiwa kuliko wengi kwa fundisho la uteule wa milele, yaani kwamba Mungu ameshachagua tangu milele watakaookoka, mwalimu alionyesha kwamba katika toleo la mwisho la kitabu chake kikuu, la mwaka 1559, sura ndefu juu ya maombi imewekwa mara tu kabla ya sura za uteule. Aliyesisitiza sana kwamba Mungu anatawala yote hakuona sababu ya kuacha kuomba. Aliona sababu ya kuomba zaidi.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuwa ya nyumbani. Wamoravian, Waprotestanti waliofungua misheni ya Rungwe, kusini mwa Mbeya, mwaka 1891, walikuwa na desturi ya kale ya kupiga kura mbele za Mungu, yaani kuchomoa karatasi bila kuiangalia, kabla ya kuamua mambo mazito: karatasi moja ya ndiyo, moja ya hapana, na moja isiyo na neno. Kwa kura hiyo walipangiana kazi na, kwa miongo kadhaa, hata ndoa. Mwaka 1818 wanachama wa kawaida waliondolewa ulazima wa kura katika ndoa, na mwaka 1889 desturi yenyewe ikaachwa kabisa, miaka miwili tu kabla ya wamisionari kufika Rungwe. Kilichobaki ni neno la kila siku, yaani aya za Biblia za kusoma kila siku, kwani aya zake za Agano la Kale zinachaguliwa kwa kura huko Herrnhut, Ujerumani, hadi leo. Mwalimu aliuliza kwa nini watu walioamini kwamba Mungu anaongoza hata karatasi waliamua kurudisha maamuzi kwenye fikra na mashauriano ya watu. Hakutoa jibu la haraka, akaturuhusu tubishane, na huo ulikuwa mjadala mzuri kuliko yote niliyowahi kuusikia kanisani. (Mzee aliyekaa mbele yangu alidai kwamba baadhi ya ndoa za siku hizi zingenufaika na kura.)

Kijitabu kina kasoro moja isiyopaswa kuachwa. Ukurasa unaomzungumzia Arminius unamweka kundi moja na Pelagius, jambo ambalo si haki. Arminius, mwanateolojia wa Uholanzi aliyefariki mwaka 1609, alifundisha kwamba bila neema inayotangulia, mwanadamu hawezi hata kuanza kumgeukia Mungu. Tofauti yake na wafuasi wa Calvin ilihusu kama neema hiyo inaweza kukataliwa. Ni kweli kwamba sinodi ya Dort, mkutano wa kanisa la Kikalvini uliofanyika Uholanzi mwaka 1618 hadi 1619, iliwakataa wafuasi wake, lakini kukataliwa na sinodi hiyo hakumgeuzi mtu kuwa Pelagius.

Jioni ya tatu ilihusu maombi yasiyojibiwa, na ndiyo iliyonisikitisha. Mama mmoja alisimama akasema kwamba mwanawe aliombewa na jumuiya nzima, akafariki; akauliza kama waliomba kidogo. Mwalimu alisema, "Mama yangu, mapenzi ya Mungu yametimia," akatazama saa, akaendelea. Jibu hilo linaweza kuwa kweli na bado lisitoshe, hasa kwa kuwa jibu bora lilikuwa mezani tayari: dakika chache kabla tulikuwa tumesoma habari za Gethsemane, ambako Yesu aliomba kikombe kimwepuke na hakikumwepuka. Anayedai kwamba ombi lisilotimizwa ni dalili ya imani pungufu atalazimika kulisema hilo hata juu ya ombi la Gethsemane. Mama yule alistahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Kisha kiongozi mwingine akaitwa kufunga kwa sala, akaanza, "Tunaamuru milango ifunguke, tunaamuru fedha zije," kana kwamba hakuwapo jioni ya pili.

Kwa anayefikiria kuhudhuria awamu ijayo, ushauri wangu ni kwamba akae viti vya mbele, kwa kuwa spika za nyuma zinakwaruza, na kwamba wanaoishi Uyole wapange usafiri mapema kwa sababu vipindi huzidisha muda. Waandaaji nao ningewaomba wafupishe jioni ya kwanza, wausahihishe ukurasa wa Arminius, na saa nzima ya jioni ya tatu waiachie maswali ya watu kama yule mama, bila saa ya mkononi.