Kopo la hatua ya 1 linatosha: tathmini ya maziwa ya unga ya watoto wachanga

Maziwa ya kopo ya watoto hupangwa kwa namba. Hatua ya 1 ni ya tangu kuzaliwa, ya 2 ni ya kuanzia miezi 6, ya 3 ni ya kuanzia mwaka mmoja, na kampuni nyingine zimeongeza ya 4. Mpangilio huo humfanya mzazi aamini kwamba asipompandisha mtoto hatua, atamrudisha nyuma. Tathmini hii inayapima makopo hayo kwa kigezo kimoja tu: mtoto aliyelelewa nayo anakuwa na umbo gani akifika miaka 2, miaka 6 na kuendelea. Kwa kigezo hicho hatua ya 1 inapita, hatua ya 2 haihitajiki, na hatua ya 3 ni ya kuachwa dukani.

Maziwa ya mama ndiyo rula tunayopimia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vya nyongeza hadi miaka 2 au zaidi. Lakini wapo watoto wasio na mama, wapo wanaolelewa na watu wengine, wapo akina mama wanaotumia dawa zisizoruhusu kunyonyesha, na wapo ambao maziwa hayakutosha hata baada ya kusaidiwa vizuri. Watoto hao wanastahili kopo zuri, na walezi wao wanastahili maelezo yasiyo na lawama.

Anza na protini. Kwenye kopo ndiyo namba yenye uzito kuliko zote kwa ukuaji wa baadaye, na ndiyo inayoandikwa kwa herufi ndogo kuliko zote. Maziwa ya mama yaliyokomaa yana takriban gramu 1 ya protini katika mililita 100. Ya ng'ombe yana gramu 3.3 hivi, kwa sababu ndama hukua kwa kasi ambayo mtoto wa binadamu haihitaji. Mtengenezaji huanza na maziwa ya ng'ombe, akaipunguza protini hiyo na kubadilisha mafuta na madini. Ubora wa kazi yake huonekana hapo: ameishusha protini mpaka wapi?

Ili kulinganisha makopo mawili kwa haki, usitazame gramu peke yake. Tafuta kwenye jedwali la lebo protini na nishati kwa mililita 100 za maziwa yaliyokwisha kukorogwa. Gawa protini kwa kilokalori, kisha zidisha kwa 100. Kopo lenye gramu 1.3 na kilokalori 66 linatoa 1.97, yaani karibu gramu 2 kwa kila kilokalori 100. Umoja wa Ulaya unaruhusu 1.8 hadi 2.5 kwa maziwa ya hatua ya 1 yanayotokana na ng'ombe au mbuzi. Kiwango cha Codex Alimentarius, tume ya viwango vya chakula ya Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na WHO, kinaruhusu mpaka 3.0. Kwa hiyo makopo mawili yanaweza yote kuwa halali na bado yakatofautiana sana. Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya, chagua lililo karibu na 2 au chini yake. Likipita 2.5, lirudishe kwenye rafu.

Msimamo huu haukutoka hewani. Kati ya mwaka 2002 na 2004, watafiti wa Ujerumani, Ubelgiji, Italia, Hispania na Poland, wakiongozwa na Profesa Berthold Koletzko wa Munich, waliwagawa kwa bahati nasibu zaidi ya watoto 1,100 waliokuwa wakitumia maziwa ya kopo. Kundi moja lilipewa hatua ya 1 yenye gramu 1.77 za protini kwa kilokalori 100, kisha hatua ya 2 yenye 2.2. Kundi la pili lilipewa 2.9, kisha 4.4. Viwango vyote hivyo vilikuwa halali wakati huo. Watoto walipofika miaka 2, urefu wao ulilingana, lakini wale wa protini nyingi walikuwa wazito zaidi kwa urefu uleule. Walipofika miaka 6, asilimia 10 ya kundi la protini nyingi walikuwa na unene uliokithiri, dhidi ya asilimia 4.4 ya kundi la protini kidogo. Protini ya ziada haikuwaongezea kimo. Iliwaongezea mafuta.

Chanzo kinaeleweka. Protini inapozidi mahitaji, baadhi ya asidi za amino, yaani chembe zinazounda protini, hupanda katika damu, zikachochea insulini na homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1, na mtoto huongezeka uzito haraka huku seli za mafuta zikijaa. Ndiyo maana sifa ya "mtoto ananenepa upesi", ambayo wauzaji wengi huipenda, kwetu si sifa. Kinachotakiwa ni mtoto afuate mstari wake kwenye kadi ya ukuaji.

Hata hivyo kopo lisibebeshwe lawama ya kila kitu, wala titi lisipewe ahadi lisiloweza kutimiza. Nchini Belarus, mwaka 1996 na 1997, hospitali 31 za uzazi ziliingia katika jaribio la kuhimiza unyonyeshaji lililohusisha jozi 17,046 za mama na mtoto, akina mama wote wakiwa wameanza kunyonyesha. Uhimizaji huo uliongeza sana kunyonyesha maziwa ya mama pekee na ukapunguza magonjwa ya tumbo katika mwaka wa kwanza. Lakini watoto wale walipopimwa wakiwa na miaka 6 na nusu, na tena miaka 11 na nusu, unene haukuwa umepungua. Faida iliyo imara zaidi ya maziwa ya mama kwa ukuaji ni kinga: mtoto anayeharisha mara kwa mara hupoteza chakula alichokwisha kula, hupoteza hamu ya kula, na kimo chake hubaki nyuma. Anayetumia kopo lazima aitafute kinga hiyo kwa usafi. Hapo ndipo bidhaa hii huharibika mikononi mwa wengi.

Unga wa maziwa si tasa, hata kopo likiwa limefungwa kiwandani. Unaweza kuwa na bakteria aitwaye Cronobacter sakazakii, au salmonela, na kwa kichanga hao huua. Mwongozo wa WHO na FAO wa mwaka 2007 unataka maji yasiyopungua nyuzi joto 70 za Selsiasi. Chemsha angalau lita moja, yaache yasizidi dakika 30, na hapo yatakuwa bado na joto linalofaa. Mimina kwanza maji kwenye chupa iliyochemshwa, usome kipimo ukiwa umeinama chupa ikae usawa wa macho, kisha ndipo utie unga. Ukianza na unga, maji yatafika kwenye mstari kabla hayajatimia na maziwa yatakuwa mazito. Funga, tikisa, poza kwa kuiweka chupa chini ya maji yanayotiririka, na udondoshee matone kwenye kifundo cha mkono. Yakikaa saa 2 nje ya friji, mwaga. Ni hapa tunapoyapunguzia alama makopo yaliyotiwa bakteria hai wa tumbo: mengi huelekeza utumie maji ya vuguvugu ili bakteria hao wasife, na maji hayo hayaui wale wabaya. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, au aliyezaliwa kabla ya wakati, usiyachukue.

Kijiko cha kupimia ni kifaa kidogo chenye makosa makubwa. Kopo nyingi huenda kijiko kimoja kwa mililita 30 za maji, lakini nyingine ni 50 au 60, kwa hiyo kijiko cha kopo la zamani kitupe kopo linapokwisha. Chota bila kushindilia, kisha kata juu kwa mgongo wa kisu kikavu. Kijiko chenye kilima, au kimoja "cha ziada ili ashibe" juu ya vinne, humwongezea mtoto karibu robo ya nishati na protini, na chumvi pia. Huvimbiwa, hukauka choo, na kiu yake hudhaniwa ni njaa, akapewa maziwa mazito zaidi. Kupunguza unga ili kopo lidumu ni hatari kwa upande wa pili: vijiko vinne mahali pa vitano ni upungufu wa asilimia 20 kila mlo, na mtoto atakonda tumbo likiwa limejaa maji.

Kuna njia rahisi ya kujikagua. Kopo la gramu 400, kwa vipimo vya kawaida, hutoa takriban lita 3 za maziwa. Mtoto wa kilo 5 huhitaji mililita 150 hivi kwa kilo kwa siku, yaani 750. Kopo hilo basi humtosha siku 4. Kama hanyonyi titi kabisa na kopo linafika siku 6, kuna mahali unga unapunjwa. Likiisha siku ya 3, angalia kijiko, kisha angalia namna anavyolishwa.

Namna ya kulisha ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mtoto wa titi huacha akishiba na hakuna anayeona kilichobaki, ila chupa ina mistari na mlezi anataka iishe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba watoto wa maziwa ya kopo waliokuwa wakitumia chupa kubwa, za kuanzia mililita 180 hivi, wakiwa na miezi 2, waliongezeka uzito zaidi kufikia miezi 6. Nunua chupa ndogo na andaa kidogo, mililita 60 hadi 90 kwa wiki za mwanzo, ukiongeza akiomba. Mweke mtoto akiwa ameinuka, chupa ilale karibu mlalo ili maziwa yasimwagike yenyewe kooni, na upumzike katikati. Akigeuza uso, akifumba midomo au vidole vyake vikilegea na kufunguka, mlo umekwisha hata kama yamebaki mililita 20. Kumlazimisha amalizie ni kumfundisha asisikilize tumbo lake.

Usitie nafaka kwenye chupa. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2011, ulikuta kwamba watoto wa maziwa ya kopo walioanzishiwa chakula kigumu kabla ya miezi 4 walikuwa na uwezekano wa mara sita zaidi wa kuwa na unene uliokithiri wakiwa na miaka 3.

Sasa hatua ya 2. Kiwango cha Codex cha mwaka 1987 kiliruhusu gramu 3.0 hadi 5.5 za protini kwa kilokalori 100 katika maziwa ya aina hii, yaani hadi kiasi kinachokaribia maziwa ya ng'ombe yenyewe. Kiwango kipya cha 2023 kimeishusha, lakini lebo ndiyo ya kuaminiwa, si tarehe ya kanuni. Hatua ya 1 inamtosha mtoto mpaka afike mwaka mmoja. Madini ya chuma anayoyahitaji kwa wingi kuanzia miezi 6 yatoke pia kwenye chakula chake.

Hatua ya 3 haina mengi ya kutetea. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2013 kwamba maziwa hayo hayana nafasi ya pekee katika mlo wa watoto wa mwaka 1 hadi 3, na WHO mwaka 2023 ilishauri yasitumike kwa umri wa miezi 12 hadi 23. Mengine yana sukari ya kuongezwa na ladha ya vanila. Yana rangi na nembo zilezile za hatua ya 1, na hilo lina sababu: kanuni ya kimataifa ya 1981 inakataza kutangaza maziwa mbadala wa ya mama, na tangazo la hatua ya 3 huliuza kopo la kichanga bila kulitaja. Kuhusu mafuta ya DHA (aina ya omega-3) yanayojazwa sifa kwenye kifuniko, muhtasari wa 2017 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, haukukuta athari yoyote kwa ukuaji wa mwili wa watoto waliozaliwa kwa wakati. Usiyalipie zaidi.

Ushauri wote huu ni wa mtoto aliyezaliwa kwa wakati. Njiti, mwenye uzito mdogo sana, au mwenye mzio wa maziwa ana maziwa yake maalumu, na hayo huchaguliwa na daktari.

Kinachobaki ni kuusoma mstari wa kadi. Chati za WHO za 2006 zilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani waliolelewa kwa maziwa ya mama. Mtoto wa titi huongezeka haraka miezi 2 au 3 ya mwanzo, kisha hupunguza kasi, na akifika mwaka huwa mwepesi kuliko wa kopo kwa nusu kilo au zaidi kidogo. Huko kupungua kasi si sababu ya kumwongezea kopo. Kwa mtoto wa kopo, tazama uzito unaokata mistari kwenda juu wakati urefu umebaki kwenye mstari wake: rudi kwenye kijiko na chupa kabla ya kufurahia. Na pima urefu sawasawa. Chini ya miaka 2 mtoto hupimwa amelala, magoti yamenyooka, nyayo zimegusa ubao. Kuanzia miaka 2 husimama. Kusimama humpunguza sentimita 0.7 hivi, kwa hiyo kimo "kilichoshuka" siku ya kutimiza miaka 2 mara nyingi ni ubao uliobadilishwa, si mtoto aliyedumaa.