Soba hausi ya wanaume watupu: inafaa wapi, inakwama wapi

Faida ya kweli ya soba hausi, yaani kituo cha kuachia pombe na dawa za kulevya, ikiwa ya wanaume pekee, iko kwenye kikundi cha mazungumzo. Mwanaume aliyelelewa kwa kuambiwa ajikaze atasimulia vituko vya ulevi wiki nzima, wenzake wakicheka, kabla hajagusa yanayomuuma: kipigo cha utotoni, kuingiliwa kwa nguvu, nguvu za kiume zilizopungua. Hili la mwisho si dogo. Pombe ya miaka mingi hushusha testosteroni, heroini pia, na methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, inaweza kufanya vivyo hivyo. Wapo wanaoacha dozi kimyakimya kwa sababu hiyo, ilhali daktari angeweza kuwapimia homoni na kurekebisha tiba. Mbele ya wanaume wenzake mtu hulisema. Ila kikundi kikizidi watu kumi na wawili hivi, wababe wawili watatu hukiteka na wengine hujificha nyuma yao.

Ubabe huohuo ndio ugonjwa wa vituo hivi. Minyororo, matusi, kumwagiwa maji ya baridi "ili awe mwanaume" si tiba. Ukiyaona, mtoe mtu wako siku hiyohiyo.

Arosto yenyewe, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichozoea, haijali jinsia, na hapa ndipo pa kuulizia kwa ukali. Ya pombe inaua. Degedege huweza kuja kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho. Kuweweseka, homa na kuona visivyokuwepo hufuata, mara nyingi saa 48 hadi 96. Uliza nani anakesha, anapima presha na mapigo kila baada ya saa ngapi, diazepamu, dawa ya kuzuia degedege, ipo au haipo, na kama thiamini (vitamini B1) hutangulia dripu ya glukosi. Jibu likiwa "tunamwombea na kumpa maji mengi", mpeleke hospitali kwanza.

Ya heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho, hutesa siku 4 hadi 10. Ni nadra kuua, lakini kutapika na kuharisha hukausha mwili. Kosa la kawaida ni kuharakisha buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini. Mgonjwa asubiri hadi arosto ionekane wazi: mboni zimepanuka, kamasi zinatiririka, vinyweleo vimesimama. Dawa ikitangulia arosto, huing'oa heroini iliyobaki na arosto hulipuka kwa mkupuo. Wengi hutoroka kituo siku hiyo.

Vifurushi vya siku 28 vinauzika kwa urahisi, lakini chini ya siku 90, ufuatiliaji wa nje ukihesabiwa, matokeo huwa hafifu. Udhaifu mwingine: aliyezoea kufunguka kwa wanaume tu anarudi kwa mke ambaye hajawahi kumsikia. Vikao vya familia vianze kabla hajatoka. Aliyekuwa anakula unga apewe naloksoni, dawa ya kumrudishia pumzi aliyezidisha dozi, na wa nyumbani wafundishwe kuitumia, kwa sababu mwili umesahau kipimo cha zamani: akikirudia kilekile, pumzi inakata.