Dume wa Mpwapwa: muulizie mama yake kwanza

Wengi wananiuliza kama dume wa ng'ombe wa aina ya Mpwapwa anastahili bei yake. Kwangu anastahili, ila ukilipia umbo tu umepigwa. Lipia kiwele cha mama yake na cha dada zake.

Wangu nilimchukua kwa mfugaji wa upande wa Kongwa, kwa pesa ambayo mnadani Msalato ungeondoka na maksai wawili wazuri na nyama choma ukala. Mwekundu, ngozi ya shingo imening'inia, nundu ya wastani. Mpole mno, mwanangu wa darasa la tano anampeleka lamboni kwa fimbo tu.

Ukoo huu ni wa hapahapa kwetu. Kituo cha utafiti cha Mpwapwa kilichanganya zebu wetu, yaani ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, na ng'ombe aina ya Sahiwal na Red Sindhi wa Bara Hindi, kikaongeza Boran wa Afrika Mashariki na damu kidogo ya ng'ombe wa Ulaya. Kazi ilianza enzi za mkoloni, na kufikia 1958 aina hii ikawa imesimama. Wale wa Bara Hindi wameleta maziwa, zebu kaleta ugumu wa kutafuna mabua ya mtama mwezi wa kumi bila kuanguka. Huo ugumu ndio nilioufuata. Chotara wa Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, wa jirani yangu anamwaga maziwa kuwashinda wangu wote, lakini kiangazi kikikaza, gharama ya pumba na mashudu ya alizeti inamla mwenye ng'ombe.

Dume humpimi kwa macho, unampima kwa mabinti, na hao wanachukua miaka. Binti yake wa kwanza kuzaa ni Masika, mama yake zebu wa lita moja na nusu, tena ukimbembeleza. Masika asubuhi ananipa lita tatu, jioni moja na nusu, na ndama kaachiwa chuchu moja nzima. Chuchu zake zinajaa kiganja. Mama yake unamkamua kwa vidole viwili. Kuogesha kwa dawa ya kupe kuko palepale, maana ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, haijali ukoo.

Muuzaji alinikera. Karatasi ya dume ilikuwa na namba ya hereni ya sikioni ya baba yake, mahali pa mama pako wazi. Nikamwuliza, akajibu, "Mama yake alikuwa mzuri tu, mzee wangu." Mzuri wa lita ngapi? Mchunga ng'ombe wake ndiye aliyenionyesha huyo mama zizini. Nikangoja akamuliwe, ndipo nikatoa hela.

Mabinti walipokua nilimtenga dume asije akawapanda. Sasa wameongezeka na mazizi mawili yamenichosha, kwa hiyo nabadilishana na mfugaji wa Bahi. Dume wake ni wa ukoo mwingine na mama yake nimemwona. Mwenye kutaka kupandisha kabla dume wangu hajaondoka alete ng'ombe aliyepimwa ugonjwa wa kutupa mimba. Bila karatasi ya daktari wa mifugo sifungui lango, hata uwe shemeji.