Granny Smith kwenye kikaango cha nyama na vitunguu

Kwa mapishi ya chumvi ya majira ya majani kupukutika, tufaha hili la kijani lenye asili ya Australia ndilo la kuanzia. Uchachu wake unakata mafuta ya nyama ya nguruwe, na vipande havivurugiki upesi. Mawili yanatosha nusu kilo ya nyama. Kaanga nyama, itoe. Lainisha vitunguu, ndipo utie vipande vya tufaha vya unene wa sentimita 2, dakika 5 hadi 7, bila kufunika. Ukifunika, mvuke unavigeuza uji. Ukijaza kikaango pomoni, vinatoa maji na havipati rangi. Ganda liache, ndilo linalokishika kipande. Tufaha aina ya McIntosh? Hilo la rojo tu, linapondeka lenyewe. Kasoro: wakati mwingine uchachu unazidi, sukari nusu kijiko cha chai inautuliza.