Balbu za LED za nyumbani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla ya kwenda dukani, jiulize taa ipi nyumbani kwako inawaka muda mrefu kuliko zote. Kwa wengi wetu hapa Dar es Salaam si ya sebuleni wala ya chumbani. Ni ile ya nje, ya getini au barazani, inayowashwa magharibi na kuzimwa alfajiri na yeyote aliyewahi kuamka. Anza na hiyo, hata kama mfukoni una hela ya balbu moja tu.

Tupige hesabu. Glopu ya zamani, ile ya waya, ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa 12 inakula uniti 0.72 kila usiku, yaani uniti 21.6 kwa mwezi wa siku 30. LED ya wati 9, ambayo mwanga wake unalingana na glopu hiyo, inakula uniti 3.24. Hapo umeokoa uniti 18 na ushee. Mteja wa TANESCO aliye kundi la T1, la matumizi ya kawaida, hulipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa umeme vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama shilingi 356. Taa moja tu ya nje inakubakishia karibu shilingi 6,500 kwa mwezi. Aliye kundi la D1, la watumiaji wadogo wa nyumbani, ananunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Yeye azitazame hizo uniti 18 kwa jicho jingine, maana zaweza kuwa ndizo zinazomvusha mpaka. Kodi ya jengo itaendelea kukatwa kwenye LUKU hata ukikaa gizani, hilo tusidanganyane.

Ya kwanza: balbu ya kawaida ya LED, wati 7 hadi 12

Hii ndiyo ninayoipa namba moja bila kusita. Inaingia kwenye holda uliyonayo, haihitaji fundi, na ikiharibika hujapoteza kikubwa. Angalia tu kama holda yako ni ya pini au ya skrubu, usije ukarudi dukani mara mbili.

Ugumu uko kwenye kuchagua. Niliwahi kununua balbu tano zisizo na jina, zimeandikwa wati kubwa, bei ya kutupa. Tatu zilikufa kabla mwezi haujaisha, na zilizobaki zilikuwa hafifu kuliko ile ya wati 9 niliyokuwa nayo jikoni. Tangu hapo sisomi wati kwanza, nasoma lumeni, kwa sababu wati ni umeme unaoliwa na lumeni ndiyo mwanga unaoupata. LED nzuri ya nyumbani hutoa lumeni 80 hadi 100 kwa kila wati. Boksi likijigamba wati 50 halafu lumeni haikuandikwa popote, lirudishe juu ya meza.

Kama mtaani kwenu umeme hushuka jioni watu wakianza kupika, tafuta iliyoandikwa 85–265V badala ya 220–240V. Haitazimika wala kufifia ovyo. Ishike pia mkononi: iliyo nzito kidogo mara nyingi ina alumini ndani, ya kutoa joto, na joto ndilo adui mkubwa wa LED. Ndiyo maana balbu iliyofungiwa ndani ya kifuniko cha kioo kisichopitisha hewa hufa mapema.

Mwambie muuzaji aiwashe kwenye holda yake ya kujaribia, kisha ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, mwanga huo unapepesa hata kama jicho halioni, na usiku wa kusoma utakuumiza kichwa.

Rangi nayo ina lake. Namba 6500K ni nyeupe ya baridi, 3000K ni ya njano ya utulivu. Mimi niliweka 6500K sebuleni. Mama mkwe alipoingia akauliza, "Mwanangu, mmefungua zahanati?" Sasa nyeupe iko jikoni na nje, njano iko wanapokaa watu.

Ukifika nyumbani, andika tarehe ya kununua kwenye kitako cha balbu kwa makapeni, na risiti ihifadhi. Waranti bila risiti ni maneno.

Ya pili: tyubu ya LED ya futi 4

Kwa jiko kubwa, korido au fremu ya duka. Ya wati 18 inachukua nafasi ya tyubu ya zamani ya wati 36. Hapa mwite fundi umeme, kwa sababu kwa nyingi lazima choki na stata, vile vifaa vya kuwashia tyubu ya zamani, vitolewe, waya uende moja kwa moja. Nyingine hupokea umeme upande mmoja, nyingine pande zote mbili. Fundi asome maandishi ya ubavuni kabla ya kufunga.

Ya tatu: balbu ya chaji

Ni ile wauzaji huiwasha kwa kugusa kitako kwa vidole. Umeme ukikatika inaendelea kuwaka. Nunua moja ya korido au chooni, usijaze nyumba nzima, kwa kuwa betri huchoka zamani kabla ya taa zenyewe.

Ya nne: spoti na paneli za jipsamu

Hizi ni taa za kuzamisha kwenye dari. Nzuri machoni, lakini zihesabu. Spoti 12 za wati 7 ni wati 84, zaidi ya ile glopu moja uliyoing'oa ukidhani unabana matumizi. Zifungwe kwa swichi mbili au tatu.

Mikanda ya LED ya nyuma ya televisheni naiweka mwisho. Ni pambo.

Na enajisava za zamani, zile balbu za mirija iliyopinda? Zinazowaka ziache ziishe. Kutoka wati 15 kwenda 9 si tofauti ya kukimbilia. Ila zina zebaki ndani. Ikivunjika, watoe watoto, fungua madirisha, subiri kama robo saa, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu na ufunge kwenye chupa yenye kifuniko. Ufagio usiuguse.