Chaja iliyochemsha betri za wateja wangu

Nachaji betri za wavuvi wa dagaa hapa mwaloni Igombe. Chaja niliyonunua mjini Mwanza majuzi haifai, msiiguse.

Muuzaji aliniambia, "Dada, hii betri ikijaa inajipunguza yenyewe." Nikamwamini. Usiku wa kwanza nikaunga betri nne za volti 12. Asubuhi kibanda kizima kinanuka asidi, vifuniko vimelowa, betri mbili zimevimba. Tena ilikuwa wiki ya giza, mwezi hauonekani, ambayo mvuvi bila taa ya betri hana kazi. Mzee mmoja aliishika betri yake, mpya kabisa, akaiangalia weee, asiseme neno. Bora angenitukana.

Fundi akafungua: transfoma, daiodi nne za kupitisha umeme upande mmoja tu, na feni, basi. Hakuna thairista, ile swichi ya kielektroniki, wala chochote cha kupima betri na kubana umeme. Betri ya namna hii inataka kama volti 14.4 ijae, kisha ishushwe mpaka 13.6 hivi. Chaja hii inafuata umeme wa ukutani tu. Usiku wa manane watu wakizima vitu vyao, ukutani panapanda kutoka volti 230 hadi 250, na chaja nayo inapanda. Mita ilisoma 15.8! Maji ya betri yataachaje kuchemka? Halafu umeme unapita daiodi mbili kwa pamoja, kila moja inakula karibu volti moja. Kwa ampea 20 ni wati 40 za joto tupu, LUKU nalipa mimi. Hilo ningelivumilia.

Nikaenda kuirudisha. Mbele ya wateja jamaa akanijibu, "Mama wa mwaloni, daiodi umezijulia wapi? Umezidisha betri." Nimezidisha! Betri zikiwa nyingi volti inashuka, haipandi. Mtu anauza chaja na hilo halijui, halafu ananicheka.

Nisiseme uongo: transfoma yake ni nzito, ya shaba. Fundi amefunga saketi ya thairista, sasa ikifika 14.4 inabana, na inachaji vizuri kuliko ile yangu ya zamani. Mwenye fundi mzuri labda anunue… Hapana. Nimelipa chaja, nimelipa fundi, nimelipa betri mbili za watu. Msinunue. Yule mzee betri yake nilimnunulia nyingine, lakini sasa anaipeleka kuchaji Kayenze.