Uzoefu wangu: balbu za LED na rangi ya silki katika nyumba ya zamani, Dodoma

Nyumba ninayoizungumzia ipo Kikuyu, na marehemu baba aliijenga miaka michache baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Kuta zake ni nene, madirisha ni madogo, na lipu ilipigwa na mafundi ambao hawakuwaza kwamba siku moja kazi yao ingemulikwa na spotilaiti.

Nilikosea kwa kununua rangi kabla ya taa. Dukani nilionyeshwa kadi, nikapenda krimu, nikachanganyiwa ndoo tatu za lita 20 za rangi ya silki. Mchana sebule ilipendeza. Usiku, tulipowasha balbu za kelvini 6500 alizoleta fundi umeme (kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ndogo ni manjano, kubwa ni nyeupe ya kibuluu), krimu yote ikageuka kijivu, na mama akauliza kama fedha zimetuishia tukiwa bado kwenye praima, yaani rangi ya kwanza ya chini. Sikupaka upya, nilibadilisha balbu tu, nikaweka za wati 9 na kelvini 3000, ambazo mwanga wake unakaribia ule wa balbu ya kizamani ya wati 60, na krimu ikarudi. Jikoni nimeweka za kelvini 4000, kwa sababu kuchambua mchele kwenye mwanga wa manjano ni adhabu.

Kuhusu silki yenyewe, sifa yake kubwa ni kwamba inafutika kwa kitambaa chenye maji, jambo la maana sana hapa ambapo upepo wa kiangazi hupenyeza vumbi hata kwenye dirisha lililofungwa. Hata hivyo inang'aa, na spotilaiti zilizofungwa karibu na ukuta huangaza kwa kuuambaa, hivyo kila wimbi la lipu ya zamani likaonekana kama tuta la shamba. Ilibidi tuzisogeze kuelekea katikati ya dari na kuziba matundu ya awali, gharama ambayo ningeiepuka kwa kupiga skimu kwanza, yaani tabaka jembamba la kulainisha ukuta, au kwa kuchagua rangi isiyong'aa, kama nilivyofanya vyumbani.

Sehemu ya chini ya ukuta wa korido ilivimba kwa chumvi, lakini hilo siilaumu rangi, kwa maana tulipaka bila kukwangua lipu iliyooza.

Ndoo ya tatu haikufunguliwa. Duka lilikataa kuipokea kwa kuwa rangi ilikwisha kuchanganywa, kwa hiyo imebaki stoo ikisubiri banda la uani.